Mwalimu wa Siha Asiye na Cheo

Kijana aliyelelewa katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, ambako watu hulima mashimo ya ngoro kwa jembe la mkono juu ya miteremko mikali, huwa na mapaja na mgongo vilivyozoea kupanda kilima na mzigo. Na mwenzake aliyekulia Liuli au Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa kupiga kafi na kuvuta nyavu za usipa, aghalabu huwa na mabega yaliyokomaa kuliko miguu. Wawili hao wakiitwa Jeshi la Kujenga Taifa, pengine wakapangiwa kambi ya Mlale katika mkoa wao wenyewe wa Ruvuma, huvikwa kombati za namna moja, huitwa kuruta wote wawili, na alfajiri hukimbia mchakamchaka mmoja kwa chenja moja. Utaratibu huo una faida kubwa, kwa kuwa mapenzi ya askari na askari huzaliwa katika taabu waliyoshiriki. Walakini kila mwili huja kambini na tarikh yake, na kazi ya mwalimu wa nguvu na siha, ambaye katika baadhi ya majeshi ya dunia leo ni raia asiyevaa magwanda, ni kuisoma tarikh hiyo kabla ya kuongeza mzigo.

Jeshi kuazima maarifa ya raia si bidaa. Baada ya vita vya Crimea, jeshi la Uingereza lilimpeleka Meja Frederick Hammersley na askari 12 wenye vyeo vya chini ya uofisa, mwaka 1860, wakasome Oxford kwa Archibald MacLaren, raia aliyekuwa na ukumbi wake wa mazoezi, naye akashikilia kwamba zoezi sharti lianze jepesi na kupanda daraja kwa daraja kwa kadiri ya uwezo wa mtu. Siku hizi jeshi la nchi kavu la Marekani, kwa mpango wa siha ambao mwongozo wake ulitolewa mwaka 2020, huwaweka walimu wa nguvu walio raia pamoja na matabibu wa viungo na wajuzi wa lishe ndani ya brigedi zake, wakae karibu na askari badala ya kuwangojea hospitalini.

Sababu ya hadhari yote hiyo imo mifupani. Mwaka 1855 tabibu wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt aliandika habari za askari waliovimba nyayo na kushindwa kukanyaga baada ya miendo mirefu, na picha za eksirei zilipopatikana mwishoni mwa karne ile ilibainika kwamba mifupa ya nyayo za namna hiyo ilikuwa imeingia nyufa. Mfupa unapopata kazi ngeni, mwili hukwangua kwanza sehemu iliyochoka ndipo uijenge upya kwa uimara zaidi, na baina ya kukwangua na kujenga hupita majuma ambamo mfupa huo ni dhaifu kuliko ulivyokuwa. Ilhali misuli na neva huitikia upesi, hata kijana akajiona hashindwi wakati mguu wake uko karibu kupasuka. Ndiyo maana mwalimu mjuzi hupanga siku nzito ifuatiwe na siku nyepesi, huongeza uzito wa begi kidogo kidogo, na huuliza nani alikesha lindoni kabla ya kuamua kazi ya asubuhi.

Hapo ndipo ugumu wa cheo chake, au tuseme wa kukosa cheo, unapodhihiri. Hawezi kuamrisha, anaweza kumshawishi kamanda tu, kwa hoja na kwa daftari lake la vipimo. Naye hukuta desturi ambayo mimi naiona ina madhara, ya kumwadhibu kuruta kwa pushapu na kuruka kichura, kwani zoezi litolewalo kwa hasira halina kipimo, na humfundisha kijana kuichukia kazi itakayomwokoa.

Ufuko wa Nyasa una ushahidi wake wa madhara ya mzigo usio na kipimo. Mwezi Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann hapo Liuli, zama zile ikiitwa Sphinxhafen, na vita vilivyoanza hivyo katika ziwa hili vilichukuliwa miaka 4 juu ya vichwa vya wapagazi. Waliokufa katika utumishi wa Waingereza peke yake walizidi 40,000, na walio wengi hawakuuawa na risasi bali na maradhi, njaa na uchovu. Walikuwa watu wenye nguvu, wana wa wakulima na wavuvi, lakini mara nyingi mzigo wao haukupimwa kwa chakula na usingizi.

Mwalimu wa namna hiyo akija Ruvuma, haja yake ya mitambo ni ndogo. Ana magunia ya mchanga, magogo, miteremko ya Umatengo, na ziwa la kuogelea; ana maharage ya Mbinga na usipa wa Nyasa kwa kujenga misuli. Juma la kwanza amwulize kila kuruta alifanya kazi gani nyumbani, aandike. Amwongezee mvuvi kupanda vilima na mkulima kuvuta kwa mikono. Na juma la nne apunguze mzigo kwa wote, hata kama makuruta wenyewe wanadai kwamba wanaweza zaidi.