Kitambi si utajiri: homoni zinavyoamua mafuta yakae wapi

Kuanzia Mombasa hadi Bujumbura, mwanamume mwenye kitambi bado husifiwa kuwa mambo yake yamemnyookea, na mama aliyenenepa ukubwani huambiwa kuwa umri umemkubali. Madaktari hawaoni hivyo. Kwao, mahali mafuta yanapokaa mwilini huweza kueleza hatari ambayo mizani haioni.

Daktari Mfaransa Jean Vague wa Marseille alilieleza hilo mwaka 1947, alipotofautisha unene wa sehemu ya juu ya mwili, uliozoeleka kwa wanaume, na ule wa nyonga na mapaja, uliozoeleka kwa wanawake. Mwaka 1956 alihusisha ule wa kwanza na kisukari na magonjwa ya mishipa ya damu.

Chanzo kimojawapo cha tofauti hiyo ni homoni. Tangu msichana anapobalehe, estrojeni huelekeza mafuta kwenye nyonga, makalio na mapaja, chini ya ngozi, yawe akiba ya ujauzito na kunyonyesha. Hedhi inapokoma, aghalabu kati ya miaka 45 na 55, estrojeni hushuka na mafuta huanza kuhamia tumboni, hata kama uzito haujabadilika sana. Kwa wanaume, upungufu wa testosteroni huendana na kitambi, na kitambi chenyewe huishusha homoni hiyo zaidi.

Mafuta yanayozunguka utumbo ndiyo ya kuogopwa. Damu inayotoka huko hupitia kwenye ini kwanza, ikibeba mafuta yanayolielemea. Insulini hushindwa kufanya kazi yake sawasawa, na njia ya kisukari aina ya pili na maradhi ya moyo hufunguka.

Tafiti za STEPS, zinazotumia utaratibu wa Shirika la Afya Duniani, zilifanyika Tanzania mwaka 2012, Uganda 2014 na Kenya 2015. Zote zilionyesha kuwa uzito uliozidi umeenea zaidi kwa wanawake.

Hata hivyo, kipimo cha kiuno kinachotumika si cha hapa. Mwaka 2006 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilishauri Waafrika wa kusini mwa Sahara watumie viwango vya Wazungu, sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, mpaka takwimu zao zipatikane. Kwa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, zinazopokeana wagonjwa kila siku mipakani, kutafuta kiwango chao kwa pamoja ni kazi yenye maana.

Kupima kwenyewe hakuna gharama. Utepe wa fundi cherehani hupitishwa katikati ya ubavu wa chini na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, mtu akiisha kutoa pumzi. Homoni hazizuii juhudi: kutembea kwa haraka kila siku na kupunguza soda na vyakula vya kukaanga hupunguza mafuta ya tumboni. Mama aliyekoma hedhi asitegemee mizani peke yake. Kiuno nacho kipimwe.