Hoteli au Nyumba ya Kupanga? Nasaha kwa Anayempeleka Mgonjwa India



Mama zetu, dada zetu na ndugu zetu wasomaji, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), leo naomba tuzungumze jambo ambalo zamani lilikuwa la matajiri na sasa limebisha hodi hata katika nyumba zetu za makuti. Ni jambo la mahali pa kulala, mtu anapompeleka mgonjwa wake India kutibiwa. Kila baada ya miezi michache hunijia mtu hapa Kulesa, au hunisimamisha sokoni Garsen, akaniuliza: "Sheikh, wewe umekwenda ukarudi. Tukifika huko, tukae hotelini ama tupange nyumba?" Mara nyingi nimejibu kwa haraka, nikiwa njiani. Leo nitajibu kwa utulivu, na makosa yangu sitayaficha, kwani aliyejikwaa ndiye ajuaye kisiki kilipo.

Dada yangu, mama wa watoto watano, alikuwa na maradhi ya vali ya moyo. Alikuwa hawezi kuchota maji wala kupanda tuta la mto bila kuketi apumue. Madaktari walisema vali ibadilishwe. Watu wakachanga. Walichanga wa msikitini, wakachanga pia majirani zetu Wakristo, kwani huku kwetu mtoni shida haiulizi dini ya mtu. Mama mmoja mjane alileta shilingi mia mbili alizouza maembe, akazikunja katika kiganja changu na kusema, "Mwalimu, usizihesabu, zitie tu." Sikuzisahau shilingi zile. Kila nilipotoa pesa huko ugenini niliziona mbele ya macho yangu. Na hapo ndipo penye uzito wa swali hili: pesa ya mchango si mali ya msafiri, ni amana. Kila usiku unaolala kwa pesa ile, una maswali ya kujibu.

Tulisafiri watatu: mgonjwa, binti yake mkubwa, na mimi kaka yake, niliye mahramu wao wote wawili. India humpa mgonjwa viza ya matibabu, na huruhusu wasindikizaji wasiozidi wawili kupata viza yao. Basi familia ichague vyema wawili hao. Asiende mtu kwa kuwa ana hamu ya kuona dunia. Aende anayeweza kupika, kukesha na kuuliza maswali. Pia msisahau chanjo ya homa ya manjano na cheti chake, kwa kuwa atokaye Kenya hudaiwa cheti hicho anapoingia India.

Tulikwenda Chennai, mji ambao wazee wetu waliujua kwa jina la Madras. Upande wa Greams Road, ambako hospitali ya kwanza ya Apollo ilifunguliwa mwaka 1983, kuna hospitali na zahanati nyingi, na vichochoro vya jirani vimejaa hoteli ndogo, nyumba za wageni na fleti za kupangisha wagonjwa. Utawakuta watu wa Bangladesh, wa Oman, wa Afrika Mashariki, kila mmoja na bahasha kubwa ya picha za eksirei kwapani.

Tulianzia hotelini, na sijutii. Mgeni aliyefika usiku, mwenye mgonjwa anayehema, haendi kutafuta dalali mtaani. Hoteli ina mtu wa mapokezi saa zote, ina lifti, umeme ukikatika jenereta huwaka, na ukihitaji gari usiku wa manane hupatikana. Zile siku za kwanza za vipimo, tulipokuwa hatujui mashariki wala magharibi, hoteli ilitufaa.

Lakini usiku wa sita nilitoa daftari langu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chumba kilikuwa rupia 2,600 kwa usiku, na chakula cha watu watatu, cha kununua, kilikula kama rupia 900 kwa siku. Jumla ni rupia 3,500 kila jua likizama. Na daktari alikuwa ametuambia tujitayarishe kukaa mwezi mzima: kabla ya upasuaji, wakati wa upasuaji, na wiki kadhaa baada yake. Nikaona kuwa tukiendelea hivyo, pesa ya dawa italiwa na kitanda.

Asubuhi nikatoka kutafuta nyumba. Nikaenda Triplicane, mtaa wa Waislamu wengi ulio mwendo mfupi wa tuktuk kutoka hospitalini. Hapo pana Msikiti wa Wallajah, uliojengwa mwaka 1795 na ukoo wa Nawab wa Arcot, wenye uwanja mpana mbele yake. Adhana inasikika, nyama halali inapatikana, na mtu hajihisi yatima. Nikapata fleti ya rupia 1,100 kwa siku, jiko la gesi ndani, ghorofa ya tatu. Mwenye nyumba akataka arubuni ya rupia 2,000 papo hapo. Nikatoa. Nilifurahi kama mtu aliyeokota.

Makosa yangu yalikuwa mawili, na yote yalidhihirika siku ile ile.

Kosa la kwanza ni ngazi. Nyumba haikuwa na lifti, nami nilipoikagua nilipanda kwa miguu yangu mimi, si kwa moyo wa dada yangu. Tulipomleta, alifika kwenye kona ya ngazi za ghorofa ya pili akaketi chini, mkono kifuani, midomo imebadilika rangi. Binti yake alilia. Tulikaa pale ngazini karibu nusu saa, watu wakipita na kutuangalia. Nilijiona nimeuza pumzi za dada yangu kwa tofauti ya rupia chache. Tangu siku ile, kila anayeniuliza bei ya nyumba, nami humwuliza kwanza: ngazi ngapi?

Kosa la pili ni karatasi. Sheria ya India inamtaka kila anayemlaza mgeni wa kigeni, awe mwenye hoteli au mwenye nyumba, atoe taarifa zake kwa ofisi ya usajili wa wageni ndani ya saa 24. Taarifa hiyo, wakati wa safari yetu, iliitwa Fomu C. Hoteli huijaza wenyewe bila kuulizwa. Yule mwenye nyumba nilipomtajia aliniambia haina haja, watu wengi hukaa hivyo hivyo. Nikaona hatari yake: siku tukihitaji kuongeza muda wa viza kwa ajili ya matibabu, tutaonekana hatukulala popote. Nikaomba arubuni yangu, akakataa kuirudisha. Rupia 2,000 zikaenda, na ndani yake, kwa hesabu ya moyo wangu, zimo zile za maembe.

Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu arubuni ambayo mtoaji huipoteza akighairi. Madhehebu yetu ya Imam Shafi haiikubali. Madhehebu ya Imam Ahmad huikubali. Ama pesa inayowekwa kuwa dhamana ya uharibifu na kurudishwa mpangaji anapotoka salama, hiyo ni jambo jingine. Basi kabla ya kutoa kitu, uliza: pesa hii ni ya nini, na inarudi lini? Ijara, yaani mkataba wa kukodi, haisihi mpaka manfaa yajulikane, muda ujulikane na ujira ujulikane. Fakihi na mwanasheria hapa wanakubaliana: andikeni. Je, umeme umo ndani ya kodi? Gesi ikiisha anajaza nani? Mgonjwa akilazwa siku kumi, kodi inaendelea? Haya yakiachwa bila kuandikwa ndiyo yanayoleta ugomvi.

Kesho yake, kwa msaada wa muumini tuliyeswali naye Wallajah, tulipata chumba cha chini chenye jiko na choo chake, rupia 1,300 kwa siku. Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima. Kabla hatujaketi alichukua pasi zetu za kusafiria akajaza Fomu C mbele yetu. Tulikaa hapo usiku 27.

Faida kubwa tuliyoipata haikuwa ya pesa, ilikuwa ya jikoni. Baada ya upasuaji dada yangu aliwekewa vali ya kutengenezwa, na mwenye vali hiyo hutumia dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote. Dawa hiyo, warfarini, huathiriwa na mboga za majani: mgonjwa akila mchicha mwingi leo na kuuacha kesho, vipimo vya damu hupanda na kushuka. Hakatazwi mboga, ila kipimo kisibadilike-badilike. Chumvi nayo ilitakiwa ipunguzwe. Sasa, chakula cha hotelini nani atakihesabia majani na chumvi? Jikoni kwetu binti alipima mboga kwa kikombe kimoja kila siku. Na siku ya nne baada ya kutoka hospitalini, dada yangu, aliyekuwa akirudisha kila sahani, alikunywa uji wa mchele aliopikiwa na mwanawe mpaka akakwangua bakuli. Akaniambia, "Kaka, leo nimekula." Nilitoka nje ili asinione ninavyotokwa machozi.

Hesabu nayo ni hii. Nyumba na chakula cha kupika, kama rupia 400, vilifika rupia 1,700 kwa siku, badala ya 3,500. Kwa siku 27, tofauti ni rupia 48,600. Ukitoa arubuni iliyopotea, zimebaki 46,600, ambazo kwa shilingi zetu zilikuwa zaidi ya elfu sitini. Pesa hizo zilitosha vipimo vya damu vya baada ya upasuaji na dawa za kurudi nazo.

Hata hivyo sisemi kwamba nyumba ni bora kwa kila mtu. Kwa safari ya siku nne au tano za vipimo tu, hoteli ni afadhali. Usumbufu wa kutafuta nyumba, kununua gesi na sufuria utakula faida yote. Akina mama wawili wasio na mwanamume wala mwenyeji wa kuwaongoza, usalama wao uko mbele ya akiba. Wakae hotelini au katika nyumba ya wageni yenye mlinzi na mapokezi, karibu kabisa na hospitali. Vilevile mgonjwa ambaye daktari amesema hali yake yaweza kubadilika usiku, asipelekwe mbali kwa ajili ya kodi nafuu.

Na msisahau kuwa nyumba ina kazi. Hotelini kuna wa kufua mashuka. Nyumbani ni wewe. Katika safari yetu mzigo huo ulimwangukia binti, mchana hospitalini na usiku jikoni, mpaka nikaona nami nishike sufuria na ufagio. Wanaume, tusipange nyumba yenye jiko kisha tukakaa kitako kungoja sahani. Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake, sisi ni nani?

Kuna pia masuala ya ibada. Huku kwetu Kibla ni kaskazini, na mazoea hufuatana na mtu: nilimkuta ndugu mmoja wa pwani akiswali chumbani kwake kuelekea kaskazini kama yuko nyumbani. Chennai Kibla ni magharibi, kikielekea kaskazini kidogo. Ulizeni mnapofika. Kuhusu kupunguza Swala, katika madhehebu yetu msafiri aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, huswali kamili tangu afikapo. Sisi tulinuia mwezi, basi hatukupunguza. Ama asiyejua muda wake, anayengoja haja ambayo kila siku hutarajia itakamilika aondoke, huyo anaruhusiwa kupunguza hadi siku 18. Kwa hiyo muda wa kukaa haubadilishi kodi peke yake, hubadilisha na Swala.

Kwa ufupi, anayejiandaa kusafiri ayashike haya:

1. Lala hotelini siku za kwanza, usilipie mwezi mzima nyumba ambayo hujaiona kwa macho.
2. Kagua nyumba kwa hali ya mgonjwa: ngazi, choo, hewa, na umbali wa hospitali saa za msongamano.
3. Mwenye nyumba asiyekubali kutoa taarifa hiyo ya wageni, mwache hata akikupa bure.
4. Andikisha kodi, muda na masharti ya pesa ya kurudishwa, chukua risiti.
5. Mwulize daktari chakula cha mgonjwa kabla ya kuamua, kwani jibu lake laweza kukuamulia.
6. Andika kila matumizi.

Tuliporudi Kulesa nilisimama baada ya Swala ya Ijumaa nikasoma daftari lote, pamoja na zile rupia 2,000 nilizopoteza, nikasema ni kosa langu na nitazilipa. Watu wakasamehe. Zilikuwa zimebaki shilingi kidogo, na kwa kuwa zilichangwa kwa mgonjwa mmoja maalumu, sikuweza kuzigawa kwa rai yangu, niliwauliza waliotoa. Yule mama wa maembe ndiye aliyenyanyua sauti kutoka upande wa wanawake: zipewe mtoto wa jirani mwenye maradhi kama hayo, zimsaidie nauli. Wote wakaitikia, na Jumapili yake nikawapelekea majirani wale Wakristo habari hiyo, nao wakaridhia.

Dada yangu sasa anapanda tuta la mto na ndoo yake. Hupima damu yake Malindi, na kikombe kile cha kupimia mboga alirudi nacho.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awalinde wasafiri wetu, na atujaalie tuwe waaminifu kwa kidogo na kwa kingi. Amin.

Wabillahi tawfiq.