Nani Anapika Sukari Usiku?

Kitendawili!

Mmesema tega? Haya: nimemfukuza mlangoni, nimemkuta jikoni anapika.

Huyu anasema ni paka. Yule anasema ni moshi. Mmekosa wote, nipeni mji. Mnanipa Kakamega? Naupokea. Nilikwenda Kakamega, nikala ugali kwa ingokho, yaani kuku, ngoma ya isukuti ikapigwa mpaka vumbi likapanda, na nilipoondoka nikawaachia jibu: ni sukari.

Naona nyuso zimekunjamana. Sogeeni basi, jibu hili lina hadithi yake.

Palikuwa na Kukhu mmoja, yaani bibi, huko Khayega, pale barabara ya Kakamega kwenda Kisumu inapoachana na ile ya Shinyalu. Jina lake silitaji, kwa kuwa akina Kukhu wa namna yake ni wengi nami nimewakusanya wote ndani ya huyu mmoja. Siku moja mhudumu wa afya ya jamii alipiga hodi akiwa na mkoba mgongoni. Mikoba hiyo ilianza kugawiwa wahudumu zaidi ya 100,000 nchini Kenya mwezi Septemba 2023, na ndani yake mna mashine ya kupima sukari. Msilione jambo dogo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta kwamba karibu watu wazima tisa kati ya kumi hawajawahi kupimwa sukari hata mara moja.

Kukhu alichomwa kidole, tone la damu likawekwa kwenye kijiti, mashine ikaandika 14. Akatumwa hospitali. Huko alipimwa asubuhi kabla hajaonja kitu, ikawa 11. Mtu akipimwa kabla ya kula ikafika 7.0 au zaidi, na kipimo kikirudiwa kikasema vilevile, huo ni ugonjwa wa kisukari. Wa Kukhu ulikuwa wa aina ya pili, ule unaowapata zaidi watu wazima.

Kukhu hakubisha. Alianza kunywa turungi bila sukari. Soda akaiaga, mandazi akayapita sokoni kama hayajui, miwa akawaachia wenye meno. Ugali wake ukawa nusu ya ule wa zamani, na nafasi iliyobaki kwenye sahani ikajaa mrenda, kunde na saga. Waendesha boda boda wa Khayega walimwita mpaka wakachoka; yeye alikwenda sokoni kwa miguu na kurudi kwa miguu. Miezi ikapita, na leso iliyokuwa ikimtosha kwa shida ikaanza kumzunguka na kubaki.

Sukari nayo? Ilitoka 11 ikashuka mpaka 9. Hapo ikakaa. Mwezi uliofuata, 9. Mwingine, 9 na pointi kadhaa. Ajabu zaidi, kuna siku alilala ikiwa 8, hakula kitu usiku kucha, akaamka ikiwa 10!

Nyumbani minong'ono ikaanza. Mwanawe akamuuliza, "Mama, kweli huli kisiri?" Mjukuu mmoja, mjanja kuliko wote, alifunua godoro kutafuta mandazi. Kukhu akamtazama tu, akasema, "Tafuta, mjukuu wangu. Ukiyapata tutakula wote."

Godoro halikuwa na kitu. Sasa tuingie mwilini mwa Kukhu tumtafute huyo mpishi wa usiku.

Mmeziona trekta za miwa kule Kabras na Malava zikipanga foleni nje ya kiwanda? Sukari iliyo kwenye damu ni hizo trekta. Viwanda ni misuli yetu, inayoihitaji sukari ili ifanye kazi. Lakini lango la kiwanda halijifungui lenyewe. Lina bawabu, naye anaitwa insulini. Anatumwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Katika kisukari cha aina ya pili, malango yameshika kutu: bawabu mmoja hatoshi, wanahitajika watatu au wanne kulifungua lango moja. Kongosho hutuma mabawabu wengi mwaka baada ya mwaka, hadi nalo linachoka. Trekta zinabaki barabarani, foleni inarefuka.

Na huyo wa jikoni ni nani? Ni ini. Ini lina akiba ya sukari, na nyingine huitengeneza lenyewe, ili ubongo usikose chakula tunapolala. Kwa mtu mzima wa afya, insulini huliambia ini, "Trekta zinatosha, usiongeze." Ini la Kukhu halisikii vizuri. Alfajiri, mwili unapojiandaa kuamka, homoni nyingine hulihimiza, nalo linaachilia trekta mpya barabarani. Ndiyo maana Kukhu alilala na 8 akaamka na 10 bila kugusa hata tonge. Yeye aliifukuza sukari mlangoni. Mwili wake uliipika ndani.

Je, kutembea kote kule na mboga zote zile vilikuwa bure? Hata kidogo. Msuli unaofanya kazi huweza kuchukua sukari hata bawabu akiwa amechelewa, na kutembea baada ya chakula kunasaidia sana. Huko Uingereza, utafiti uliotoa matokeo yake mwaka 2017 uliwachukua watu waliougua kwa muda usiozidi miaka sita, wakasaidiwa kupunguza uzito kwa mpango mkali wa chakula. Baada ya mwaka mmoja, karibu nusu yao hawakuwa tena na vipimo vya kisukari, na bila dawa. Waliopunguza kilo nyingi zaidi ndio waliofanikiwa zaidi.

Lakini karibu nusu si wote. Utafiti mwingine wa hukohuko Uingereza, ulioanza mwaka 1977, uliwafuata wagonjwa kwa miaka mingi. Baada ya miaka tisa, kati ya waliotegemea chakula peke yake, wale ambao sukari yao ilibaki pazuri hawakufika hata mmoja kati ya kumi. Sababu si kwamba wengine wote walikuwa walafi. Kongosho lilizidi kuchoka. Mtu anaweza kutimiza kila alichoambiwa, na bado ugonjwa ukapiga hatua mbele.

Kukhu alirudi kliniki akiwa na daftari lake la vipimo. Daktari hakumgombeza, alimuuliza maswali. Unaosha mikono kabla ya kujichoma? Kidole kilichotoka kumenya ndizi mbivu kinaweza kuidanganya mashine. Una kidonda, homa, jino linalouma? Maambukizi hupandisha sukari. Usingizi je, mawazo? Kuna dawa nyingine unazomeza? Ugali wako ni wa unga gani? Kukhu akajibu kwa fahari kwamba alihamia wimbi. Daktari akamweleza kwamba wimbi lina makapi mengi, nayo ni mazuri, lakini wanga wake bado hugeuka sukari tumboni, kwa hiyo hata ugali wa wimbi una kiasi chake.

Kisha akapimwa kipimo kinachoonyesha hali ya sukari kwa takriban miezi mitatu iliyopita. Hicho hakidanganywi na jana wala juzi, kwa kuwa kinasoma sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu, nazo huishi siku 120 hivi. Kwa wagonjwa wengi lengo ni kuwa chini ya asilimia 7. Kukhu alikuwa juu ya hapo, akaandikiwa vidonge vya metformini.

Vidonge hivyo vina historia tamu. Vilitokana na uchunguzi wa mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, na daktari wa Kifaransa, Jean Sterne, aliandika mwaka 1957 kuhusu kuwatibu wagonjwa wa kisukari kwa metformini. Kazi yake kubwa ni kulituliza lile ini lipunguze kupika. Mtu atawaambia, "Kumbe hata dawa ya hospitali ni mti! Basi Kukhu anywe ile ya chupa inayouzwa sokoni." Mwambieni hivi: kidonge kimepimwa, kinajulikana kina kiasi gani na kinafanya nini. Chupa ya sokoni haijulikani. Aliyeacha vidonge kwa ajili yake huweza kurudi hospitali akiwa amebebwa.

Kukhu alikuwa ameviogopa vidonge, akidhani ni adhabu ya kushindwa. Wengi hufikiri hivyo, na woga huo huwafanya wapoteze miaka huku sukari ikiharibu macho, figo na miguu polepole. Mboga, miguu na kidonge hufanya kazi pamoja. Hakuna kinachomtoa mwenziwe kazini. Na ikibidi siku moja aongezewe insulini, hiyo pia ni dawa tu, si hukumu.

Sasa zamu yenu, wajukuu. Msiwe askari wa kumpekua Kukhu. Tembeeni naye baada ya chakula cha jioni, mle mboga alizopika bila kununa, msome tarehe zake za kliniki kwenye daftari, na mziangalie nyayo zake kama zina kidonda, maana huenda yeye asikisikie.

Na la mwisho mlishike kuliko yote. Mgonjwa anayetumia insulini, au baadhi ya vidonge vingine, sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi. Mkimwona anatetemeka, anatokwa jasho jingi, anaongea maneno yasiyoshikana, msikimbilie kumkumbusha kwamba sukari ni mwiko. Korogeni vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari katika nusu glasi ya maji, anywe, msubiri dakika 15, apimwe tena. Ikiwa amezimia, msimtie chochote mdomoni. Mlazeni ubavu, na mmoja akimbie kuwaita watu wazima wampeleke hospitali.