Amana ya Mtoto Hutaka Shahidi

Ndugu zangu Waislamu, wako miongoni mwetu wanaochukia kumwona Afisa wa Ustawi wa Jamii akibisha hodi katika nyumba ya kulelea mayatima au chuo wanamolala wanafunzi. Husema: "Mwalimu twamjua, na watoto ni wetu, serikali yatafuta nini humu?" Neno hili yafaa lipimwe kwa mizani ya dini kwanza.

Katika Suratun-Nisaa, Mwenyezi Mungu amemwamrisha mlezi aweke mashahidi siku ya kumkabidhi yatima mali yake. Si kwamba kila mlezi ni mwizi. Shahidi humkinga yatima na dhuluma, na humkinga mlezi na tuhuma. Basi ikiwa mali imetakiwa mashahidi, vipi mwili wa mtoto uachwe bila ya shahidi?

Wala ukaguzi si jambo geni kwetu. Zamani katika miji ya Kiislamu alikuwako muhtasibu, mwenye kukagua mizani za sokoni na vyuo vya watoto pia. Ash-Shayzari, mwanachuoni wa Sham wa karne ya 12, aliandika kuwa mwalimu asimpige mtoto kwa fimbo nene ya kuvunja mfupa, na kwamba mwenye kuwachukua watoto njiani awe mwaminifu.

Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kuendesha makao ya watoto bila ya leseni, na makao hayo hukaguliwa. Haja ipo. Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka huo huo ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walitendewa jeuri ya kijinsia kabla ya kutimia miaka 18.

Lakini mkaguzi anayehesabu vitanda, akanywa chai ya mwenye nyumba, akatia sahihi akaenda zake, huyo hakukagua. Na awasikilize watoto wenyewe, mwalimu asiwepo.

Tena sisi wa Mkwaja tu mbali na Pangani mjini, yaliko makao ya wilaya. Afisa hawezi kuwa nasi kila siku. Ndiyo maana sheria hiyo imemwajibisha kila mwenye khabari ya mtoto anayedhulumiwa aiarifu serikali ya mtaa wake. Iko pia simu ya bure, namba 116.

Wengine hunyamaza wakidai wanasitiri aibu ya Muislamu mwenzao. La! Sitara ni ya aliyeikosea nafsi yake. Haikuwekwa iwe ngao ya mwenye kumdhulumu mnyonge.

Enyi walimu wenzangu, mwenye amana na afungue mlango, aonyeshe daftari lake na mahali watoto wanapolala. Nanyi wazazi, mkimpeleka mtoto chuoni, msiache kwenda kumtazama na kumwuliza hali yake.

Wabillahi tawfiq.