NHIF Ilizimwa, SHA Ikawashwa: Kama Unahamisha Chama Chenu Kwa Sistimu Mpya, Soma Hii Kwanza

Unakumbuka Oktoba 1, 2024? NHIF, iliyokuwa hapa tangu 1966, ilizimwa na SHA ikaanza kazi siku hiyo hiyo. Kuna wagonjwa wa figo na wa saratani walifika hospitali wakaambiwa sistimu haisomi, leta cash. Hapa Mishomoroni pengine unamjua mtu aliyerudi nyumbani na hasira hizo.

Usidhani noma ilikuwa ni kompyuta tu. Ilikuwa ni namna ya kuhama. Walibadilisha kila kitu kwa mpigo: sheria mpya, usajili mpya wa *147#, programu mpya hospitalini, na malipo mapya. Msee wa jua kali aliyezoea 500 kwa mwezi sasa anapigiwa hesabu ya asilimia 2.75 ya mapato, kima cha chini 300. Kitu kimoja kikikwama hapo huna pa kurudi, ya zamani ushaizika.

Sasa cheki M-Pesa. Aprili 2015 Safaricom waliitoa kwenye seva za Ujerumani wakaileta Kenya. Pesa ya nchi nzima, bro! Walitangaza mapema, wakachagua usiku wa wikendi wakati wengi wamelala, na mteja hakuambiwa ajisajili upya. Namba ile ile, PIN ile ile.

Wewe huhamishi nchi, najua. Lakini mtaani sai kila chama, duka la jumla na zahanati inataka kutoka kwa daftari iende kwa programu, na kwa vile wewe ndio kijana mwenye laptop, utaitwa wewe.

Kuweka programu ni dakika kumi. Kazi iko kwa majina. Kwa daftari kuna Mohamed, Muhammad na Moh'd. Anaweza kuwa mtu mmoja, wanaweza kuwa watatu. Kuna Mama Fatma wawili, na mmoja alishabadilisha laini. Binadamu anawajua kwa sura, programu inajua namba tu. Kaa na mweka hazina, mtu kwa mtu, kitambulisho kwa kitambulisho, mpaka jumla ya daftari na jumla ya kompyuta zilingane hadi shilingi ya mwisho. Daftari ikisema 84,350 na kompyuta 84,000, usilale. Hiyo 350 ni ya mtu, na siku ya kugawana atakuja na shangazi zake wote.

Mimi hii ilinipata. Chuo nilichokuwa (sikitaji) kilibadilisha portali katikati ya muhula, karo yangu ikapotea. Ya zamani ilikuwa imeshazimwa, na risiti zangu zilikuwa kwa simu iliyoibiwa Kongowea. Sisemi ndio maana niliacha masomo, mathe akisoma hapa ataniuliza. Lakini haikusaidia.

Ndio maana nakwambia tembeza zote mbili angalau mwezi mmoja. Kila malipo yaandikwe kwa daftari na kwa programu, jioni mnalinganisha. Ndio, inachosha, na kuna watu watanung'unika. Wacha wanung'unike. Anza na kikundi kidogo, kama wanachama kumi, kabla ya wote. Na usiwashe sistimu mpya duka likiwa limejaa watu wa sikukuu. Ukichagua wiki ya Idd utajua hujui. Tena mfundishe yule anayekaa kwa kaunta kila siku, si mwenyekiti pekee. Bi mkubwa anayeuza unga akiogopa kile kioo, ataandika kwa karatasi kimyakimya na wewe utadhani mambo yako sawa.

Daftari ya zamani msiitupe hata baada ya hapo. Fungieni kabatini, ya kusoma tu.

Kitu kingine watu huruka: nani mwenye sistimu? Ile ya SHA bei yake ni zaidi ya bilioni 104, na mwaka 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ikasema serikali haiimiliki. Yenu huenda ni elfu tano, lakini swali ni lile lile. Kabla ya kulipa, muulize fundi: nikitaka kuhama kesho na data yangu yote, unanipa vipi na kwa bei gani? Akianza kuzunguka, chukua daftari yako utafute mwingine.