Istilahi za Joto katika Kompyuta: Kichakataji Kinapozidiwa

Makala haya yanahusu maneno machache, hayafiki kumi, ambayo fundi hapana budi awe nayo anapotengeneza kompyuta iliyozidiwa na joto. Huenda msomaji akaona kuwa ni jambo dogo. Mwandishi naye alidhani hivyo, hadi kompyuta moja ya mezani katika ofisi anayoifahamu ilipotengenezwa kwa kufuata karatasi ya maelekezo iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Karatasi ilisema fundi apake “gundi ya joto” baina ya sehemu mbili. Kijana aliyepewa kazi alikuwa mtiifu. Akapaka gundi, ile ya kubandikia mbao. Siku ya pili kompyuta ikawa inazimika kila baada ya dakika chache, na sehemu zile mbili hazikubanduka ila kwa kuvunjwa. Kosa halikuwa la kijana.

Tuanze na kichakataji chenyewe. Kitenzi “chakata” si kigeni kwa watu wa mashamba ya mkonge ya Tanga, ambako jani huchakatwa ili zipatikane nyuzi. Kulihamisha neno hilo kutoka kwenye jani hadi kwenye data ni hatua nzuri, kwani maana ya msingi imebaki: kitu kinaingia kikiwa ghafi, kinatoka kikiwa na manufaa. Kazi hiyo hula umeme, na takriban umeme wote unaoliwa hugeuka joto. Kichakataji cha Intel 4004 cha mwaka 1971 kilikuwa na transista 2,300 tu, na hakikuwa na haja ya kupozwa kwa chombo chochote. Pentium ya mwaka 1993 ilihitaji kupozwa, na mara nyingi kwa feni. Vya kompyuta za mezani za siku hizi hutumia wati 65, wati 125, hata zaidi, katika eneo linalofunikwa na kiganja cha mtoto.

Hapa yafaa tutenge maneno mawili ambayo watu wengi huyachanganya, yaani “joto” na “jotoridi”. Joto ni nishati inayotoka. Jotoridi ni kipimo cha ukali wake, nacho husomwa kwa nyuzi. Fundi asemaye “joto la kichakataji ni nyuzi 95” anaeleweka, lakini hawezi tena kueleza kwa nini vichakataji viwili vyenye kutoa joto sawasawa vina jotoridi tofauti. Jibu ni kwamba kimoja kinaondolewa joto lake vizuri na kingine hakiondolewi. Ukarabati wote umo katika tofauti hiyo.

Chombo kinachokaa juu ya kichakataji, chenye mapezi ya alumini au shaba, kimeitwa na baadhi ya wafasiri “sinki la joto”. Kwa Mswahili sinki ni mahali pa kuoshea vyombo, na picha hiyo haimsaidii mtu. Wengine wamependekeza “kifyonzajoto”. Neno hili lina nusu ya ukweli, kwani chombo hufyonza joto kutoka chini kwa njia ya mpitisho; lakini kama kingefyonza tu, kingejaa na kushindwa. Kazi yake kubwa ni kulitawanya joto hewani kupitia mapezi, huku feni ikiiondoa hewa iliyopata moto. Mwandishi anapendelea “kitawanyajoto”. Mafundi wa magari wangeweza kutukumbusha kuwa wao wana “rejeta” tangu zamani, nao wana haki, ila rejeta imekwisha kushikamana na maji.

Sasa turudi kwenye ile gundi. Uso wa kitawanyajoto na uso wa kichakataji, hata vikionekana laini, vina vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho. Vikikutanishwa vikavu, vishimo hivyo hubaki na hewa, na shaba hupitisha joto zaidi ya mara 10,000 kuliko hewa tulivu. Kinachopakwa hapo ni kitu kama uji mzito, chenye kazi ya kuifukuza hewa ile. Hakigandishi. Kukiita “gundi” ni kumpoteza fundi, na kukiita “lahamu” ni kumpoteza zaidi, maana atashika chuma cha kuchomelea. Tunalo neno “marhamu”, dawa ya kupaka. Marhamu hupakwa kidogo, hukauka kwa miaka, na ya zamani husafishwa kabla ya kupaka mpya. Sifa zote tatu zinahusu kitu hiki. “Marhamu ya joto” inafaa.

Kwa maneno hayo maelekezo huwa mafupi. Zima kompyuta na uchomoe waya wa umeme. Toa vumbi katika mapezi ya kitawanyajoto, ukiyashika mapanga ya feni yasizunguke kwa nguvu ya upepo unaopulizwa. Tazama kama miguu ya kitawanyajoto imekaza. Mguu mmoja ukilegea huacha upande mmoja wazi. Kama bado jotoridi ni kubwa, kiondoe, futa marhamu ya kale kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka mpya kiasi cha punje ya choroko katikati, kisha ukaze kwa kupokezana pembe hadi pembe. Fundi asitegemee miujiza: feni haiwezi kukishusha kichakataji chini ya jotoridi la chumba, na Dar es Salaam mwezi wa Februari chumba chenyewe hupita nyuzi 30.

Limebaki neno moja gumu. Jotoridi likikaribia kikomo, ambacho kwa vichakataji vingi ni karibu na nyuzi 100, kichakataji hujipunguzia mwendo ili kisiungue. Likizidi, kompyuta hujizima. Vijana husema kompyuta “imechemsha”, kama gari. Ingawa hakuna maji yanayochemka humo, usemi huo umekwisha kuenea na hauna madhara. Lakini hali ya kujipunguzia mwendo haina jina, na mtumiaji huiona kompyuta nzito akadhani imezeeka, akanunua nyingine. “Kujikaba” limependekezwa; lina sura ya kunyongwa na halipendezi. “Kujirudi” ni zuri zaidi, kwa kuwa mtu hujirudi aonapo amevuka mpaka, ila linaweza kudhaniwa ni kurudi nyuma.

Wasomaji walio mafundi watuandikie wao husemaje kazini.