Baraghashia Ikishatoka Sindanoni (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita makala hii iliishia pale mshonaji wa baraghashia anapozungushia uzi kitundu cha mwisho cha kofia. Wengi wakifika hapo huona kazi imekwisha. Bado. Kofia nyingi za mkono zinazoshonwa Tanga, Pangani na Mkinga huharibikia hatua hii, baada ya sindano kuwekwa chini.

Kwanza kofia igeuzwe, nyuma iangaliwe. Mikia ya nyuzi haifungwi fundo. Hupenyezwa chini ya mishono mitatu minne, ndipo ikakatwa. Fundo huweza kufumuka majini, au likajichora usoni mwa kitambaa pasi ikipita.

Kisha ifuliwe, maana imeshika jasho la vidole na alama za penseli. Maji ya baridi na sabuni laini vinatosha, na kukamua ni mwiko. Kama uzi ni wa rangi, kama ule wa kofia za kumma za Oman, ubonyezwe kwanza kwa kitambaa cheupe kibichi. Rangi ikihamia, kofia isirowekwe.

Ufundi wenyewe uko kwenye wanga. Wanga wa muhogo hukorogwa kwa maji ya baridi usifanye madonge, halafu humiminiwa maji yanayochemka huku ukikorogwa, mpaka ung'ae. Kofia huchovywa, hupigwapigwa kwa kiganja vitundu visizibe, kisha huvishwa faroma, kile kigogo kilichochongwa kwa umbo la kichwa, ili isinywee. Asiye na faroma atumie bakuli la udongo au plastiki linaloenea. Kopo la bati liepukwe kabisa: kutu ikishaingia kwenye pamba mbichi, kuitoa ni kazi ngumu mno.

Lakini wanga ni chakula cha mende na ukungu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, kofia iliyokakamaa kwa wanga ikifungiwa kabatini hutoka na madoa meusi. Kwa hiyo ya kuvaa itiwe wanga. Ya kutunza ifuliwe tu, ikauke vizuri, ijazwe kitambaa cha pamba ndani. Mazoea ya nyumba nyingi ni kinyume chake, na hasara yake ni kubwa.

Mbali na kofia, leso au foronya iliyodariziwa hupendeza kwenye fremu. Ishonewe juu ya kitambaa cheupe, isibandikwe kwa gundi, ambayo baadaye hugeuka manjano. Kioo kisiguse nyuzi, na jua la dirishani lisiifikie. Kwenye nyumba za kale za mawe ya matumbawe, ambazo kuta zake hunyonya maji, vibao vidogo vipigiliwe nyuma ya fremu ili hewa ipite.

Itaendelea wiki ijayo.